Kufundisha Hisabati Mtandaoni Ukiwa Bado Mwanafunzi: Tathmini Kutoka Lubumbashi

Kwa miaka miwili ya masomo nimekuwa nikifundisha hisabati kwa njia ya intaneti, nami mwenyewe nikiwa bado mwanafunzi wa hisabati hapa Lubumbashi, katika mwaka wa tatu wa lisansi, yaani shahada ya kwanza. Wenzangu huniuliza karibu kila juma kama kazi hii inafaa, na jibu langu la haraka huwapotosha, kwa sababu nikisema ndiyo wanakimbilia kujiandikisha mahali popote, na nikisema hapana ninaificha faida kubwa niliyoipata. Kwa hiyo nimeandika tathmini hii pamoja na hesabu zake. Nimepitia njia mbili: ile ya kampuni ya mtandaoni inayomkutanisha mwalimu na mwanafunzi, na ile ya kujitegemea, ambapo wazazi hunilipa moja kwa moja kwa simu. Uamuzi wangu nauweka mapema: kazi inafaa, lakini kwa wanafunzi wachache, na kwa mtu anayehesabu saa zake zote, wala si zile tu anazolipwa.

Kampuni niliyoanza nayo sitaitaja jina, kwa kuwa ninachoeleza ni yaliyonipata mimi. Kujiandikisha hakukuwa kugumu: nilituma nakala ya kadi ya mwanafunzi, nikajibu maswali ya majaribio kwa Kifaransa, nikarekodi video fupi ya kujitambulisha, kisha nikasubiri majuma matatu. Baada ya hapo wanafunzi walianza kuja bila mimi kumtafuta hata mmoja, na hilo nalishukuru mpaka leo, maana kwa mwalimu asiyejulikana hakuna kazi ngumu kama kumpata mwanafunzi wa kwanza. Kampuni ilitoa pia ubao wa pamoja, ambao mwalimu na mwanafunzi huuandikia kwa wakati mmoja kila mtu akiwa kwake, na ubao huo ulifanya kazi vizuri kila mtandao ulipokuwa na nguvu. Mzazi alilipa dola 6 kwa saa, kampuni ikabaki na 2, mimi nikapata 4.

Matatizo yalitoka katika masharti madogo ambayo nilipaswa kuyasoma kwa makini zaidi. Somo la kwanza la kila mwanafunzi mpya lilikuwa la majaribio na halikulipwa. Mwanafunzi akilifuta somo saa moja kabla, mwalimu hakufidiwa chochote. Lakini umeme ukimkatikia mwalimu dakika kumi baada ya kuanza, somo zima lilihesabiwa kuwa limeshindikana na alama zake mbele ya wazazi zikashuka. Fedha hazikutolewa mpaka zifike dola 50, na zilipofika hazikuweza kuja kwa simu, jinsi sisi wengi tunavyopokea fedha hapa. Zilihitaji akaunti ya aina ambayo sikuwa nayo, ikabidi baba mdogo anayeishi ng'ambo azipokee kwa niaba yangu. Niliziomba mwezi mmoja, nikazishika mkononi mwezi mwingine. Mwanafunzi anayetegemea fedha hizo alipe minervali, yaani ada ya chuo, hawezi kupanga maisha yake kwa utaratibu wa namna hiyo.

Tangu juma la kwanza nilikuwa na daftari lenye safu mbili. Katika safu ya kushoto niliandika saa nilizolipwa. Katika safu ya kulia niliandika saa zote ambazo kazi ilinichukua: kuandaa mazoezi, kujibu ujumbe wa wazazi, masomo ya majaribio, kusubiri mwanafunzi asiyetokea, kusubiri mtandao urudi. Baada ya miezi mitatu na kampuni ile, safu ya kushoto ilikuwa na saa 21 na ya kulia saa 48. Mara 21 ya dola 4 ni dola 84. Nilikuwa nimetumia dola 18 kununua intaneti, zikabaki 66, na 66 ukizigawanya kwa 48 unapata chini kidogo ya dola 1.40 kwa saa. Nilitazama namba ile kwa muda mrefu. Wenzangu wote walikuwa wakisema ninalipwa dola 4, nami nilikuwa nimeanza kuamini hivyo.

Njia ya kujitegemea inatoa hesabu nyingine. Mwaka jana nilikuwa na wanafunzi watatu, kila mmoja saa 2 kwa juma: mmoja anaishi hapa hapa mjini, mwingine ni mtoto wa familia ya Lubumbashi iliyohamia Kinshasa, wa tatu anasoma Brussels. Wazazi wa hapa na wa Kinshasa hulipa dola 3 kwa saa, wale wa Brussels hulipa 8, na nililipanga hivyo kwa makusudi nikiwaeleza wote ukweli, kwa kuwa dola 3 za Lubumbashi na dola 3 za Ubelgiji hazina uzito mmoja nyumbani kwa mtu. Kwa mwezi wa majuma manne napata dola 112; nikitoa 12 za intaneti zinabaki 100. Safu ya kulia ya daftari kwa mwezi huo inasoma saa 40, kwa hiyo ni dola 2.50 kwa saa. Bei iliyoandikwa kwa wawili kati ya hao watatu ni ndogo kuliko dola 4 za kampuni, lakini kilichobaki mkononi ni karibu mara mbili, na kimefika siku ile ile kwa simu.

Nimelinganisha pia na kufundisha nyumbani kwa watu, kazi ya urepetitere ambayo wanafunzi wa chuo wameifanya tangu zamani. Kutoka upande wa Kasapa, ambako wengi wetu tunaishi, mpaka mtaa wa Golf au Bel-Air, ni teksibasi, foleni na kutembea, na somo la saa mbili humaliza alasiri nzima. Kwa msichana kuna jambo jingine ambalo halimo katika hesabu ya nauli. Somo likimalizika jioni wakati wa mgawo wa umeme, unarudi gizani, na mama yangu alikuwa hali chakula mpaka anisikie mlangoni. Kufundisha mtandaoni kulimwondolea hofu hiyo. Kama faida ingekuwa hiyo peke yake, ningeiona kuwa kubwa.

Sasa nije kwenye ufundishaji wenyewe, kwa sababu mwalimu anayelipwa vizuri bila mwanafunzi wake kuelewa hana la kujisifia. Katika miezi ya kwanza nilikuwa nikifundisha vibaya bila kujua. Mwanafunzi na mimi tulitazamana usoni kwenye kioo cha simu, nikaeleza, akatikisa kichwa, akanipa jibu, na jibu lilikuwa sahihi. Kijana wa Kinshasa, aliyekuwa akijiandaa kwa EXETAT, mtihani wa serikali ya Kongo wa kumaliza sekondari, alikuwa hodari hasa katika hilo, kwa kuwa katika mtihani ule hisabati huulizwa kwa majibu matano ya kuchagua, na yeye alikuwa amejifunza kuondoa majibu yasiyowezekana na kubakiza moja. Nilidhani anaendelea vizuri. Nyumbani kwa mtu ungekuwa umeketi kando yake, unaona kalamu inaposita, unaona anapofuta, unaona mstari alioandika haraka haraka kana kwamba hataki uonekane. Mtandaoni nilikuwa ninauona uso, na uso wa mwanafunzi mwenye adabu hukubali kila kitu.

Siku moja nilimwomba aweke simu yake juu ya marundo mawili ya vitabu, ilale kama daraja, kamera ikitazama chini kwenye daftari. Sikuona tena uso wake, niliona mkono. Katika dakika ya tatu aliandika kwamba kipeuo cha pili cha x² + 9 ni sawa na x + 3, akaendelea bila wasiwasi. Sikumwambia kwamba amekosea. Nilimwomba aweke 4 mahali pa x. Upande wa kushoto akapata 16 na 9, yaani 25, kipeuo chake 5. Upande wa kulia akapata 7. Mkono ukasimama. Kisha nikasikia sauti yake, akiniita dada mkubwa kama tusemavyo hapa: "Yaya, mbona hakuna aliyewahi kuniambia?" Hakuna aliyemwambia kwa sababu darasani kwao wapo zaidi ya sitini, na kosa la namna ile halionekani katika jibu la mwisho mpaka siku linapoharibu kila kitu. Tangu siku hiyo wanafunzi wangu wote huweka simu juu ya vitabu, na kabla ya somo hunitumia picha ya kurasa walizofanyia kazi, pamoja na zile zilizofutwa.

Utaratibu huo umepunguza pia gharama. Zoom inaeleza kwamba mazungumzo ya video ya watu wawili, kwa ubora usiofikia HD, huhitaji kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na 600 kurudi. Saa moja ina sekunde 3600, kwa hiyo ni kilobiti 2,160,000 kila upande. Ukigawanya kwa 8 unapata kilobaiti 270,000, yaani megabaiti 270, na kwa pande zote mbili 540. Ukifundisha saa 6 kwa juma umepita gigabaiti 3, kabla hujafungua hata ukurasa mmoja wa masomo yako. Mimi sasa hufunga kamera yangu kabisa. Mwanafunzi anahitaji sauti yangu na ubao, si sura yangu, na sauti peke yake hutumia sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Mtandao ukilegea zaidi tunahamia kwenye ujumbe wa sauti na picha za daftari, na somo halikatiki. Si jambo geni: Salman Khan, kabla ya kuanzisha Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, alianza mwaka 2004 kwa kumfundisha binamu yake aliyekuwa mji mwingine, kwa simu na programu rahisi ya kuchora ambayo wote wawili waliiona, na binamu huyo alikuwa amekwama kwenye kubadilisha vipimo.

Kwa grafu natumia programu ya GeoGebra, ambayo ni ya bure na, ukishaiweka kwenye simu, hufanya kazi bila intaneti. Mwanafunzi anasogeza kwa kidole namba iliyo mbele ya x² na kuona parabola ikipanuka, ikibana, ikigeuka kichwa chini pale namba inapovuka sifuri. Hakuna ubao wa chaki unaoweza kufanya hivyo.

Faida ninayoithamini kuliko dola zote ilitoka kwa binti wa Brussels. Nilikuwa nimempa swali: ni namba zipi za x ambazo 1 gawanya kwa x ni ndogo kuliko 2? Alizidisha pande zote mbili kwa x, akapata 1 ndogo kuliko 2x, akahitimisha kwamba x ni kubwa kuliko nusu. Kisha, bila mimi kumwomba, akajaribu hasi 1. Kugawanya 1 kwa hasi 1 kunatoa hasi 1, nayo ni ndogo kuliko 2; lakini hasi 1 si kubwa kuliko nusu. Akaniuliza kwa nini hasi 1 inakubali ilhali jibu lake linaikataa. Nilimjibu kama nilivyofundishwa: leta kila kitu upande mmoja, chora jedwali la ishara. Akaniambia kwa upole kwamba jedwali analijua. Anachotaka ni kuelewa kosa lake liko wapi. Nilitafuta jibu, sikulipata. Nilikuwa mwanafunzi wa hisabati wa mwaka wa pili wa chuo, na nilijua dawa bila kuujua ugonjwa. Nilimwambia wazi kwamba nitamjibu Alhamisi.

Nilikaa na swali hilo siku mbili. Mwisho nilichora mstari wa namba kwenye karatasi na kuona kwamba kuzidisha kwa namba hasi ni kuugeuza mstari mzima kwa kuuzungusha kwenye sifuri, aliyekuwa kulia akawa kushoto: 2 ni ndogo kuliko 3, lakini hasi 2 ni kubwa kuliko hasi 3. Yeye alizidisha kwa x bila kujua kama x itaugeuza mstari au itauacha. Ilibidi agawe njia: x ikiwa chanya, jibu lake ni sahihi, x ikiwa hasi, alama ya "ndogo kuliko" inageuka, inabaki x ndogo kuliko nusu, na namba hasi zote zinatimiza hilo. Jibu kamili ni x iliyo chini ya sifuri au iliyo juu ya nusu. Alhamisi nilimweleza kwa Kiswahili, kwa mfano wa mzani wa sokoni unaogeuzwa, na aliniomba niurudie ili mama yake asikie. Mwezi uliofuata, katika mtihani wangu wa uchanganuzi, somo la hisabati la chuo, nilikutana na uthibitisho uliotaka tahadhari ile ile, na kwa mara ya kwanza niliandika hatua zile nikijua sababu ya kila moja. Hakuna sillabi, yaani maandishi ya somo la chuo, iliyonipa kitu hicho. Alinipa mtoto wa miaka kumi na sita aliyekataa jibu la mazoea.

Kuhusu swali ambalo wazazi huliuliza kwa haki, kama mwanafunzi wa chuo anatosha kuwa mwalimu, mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya Covid, watafiti wawili, Michela Carlana na Eliana La Ferrara, waliandaa nchini Italia mpango ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu walijitolea kuwafundisha mtandaoni watoto wa shule kutoka familia zenye shida, kwa kawaida saa 3 kwa juma, na matokeo ya watoto hao yalipanda kuliko ya wenzao ambao hawakupata msaada huo. Mimi naongeza sharti moja kutoka kwa uzoefu wangu: mwanafunzi anatosha akiwa tayari kusema "sijui, nitakujibu Alhamisi", na kisha kweli akajibu Alhamisi.

Saa zinahitaji uangalifu. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja mwaka mzima, kwa hiyo somo la saa 18 kwao ni la saa 19 kwetu. Brussels iko sawa nasi wakati wa kiangazi chao, lakini Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, na mwaka wa kwanza nilimsubiri binti yule saa nzima nikidhani ameugua.

Jambo linalonihuzunisha katika kazi hii ni maombi ya kudanganya. Mwanafunzi mmoja alinitumia picha ya karatasi ya jaribio akiwa bado darasani, akitaka majibu. Mzazi mwingine, mtu mwenye heshima zake, aliniomba nimfanyie mwanawe kazi yote ya nyumbani kwa malipo ya mara mbili. Nilikataa mara zote mbili, nikampoteza yule wa pili. Anayetaka kuanza ajiandae kukataa, kwa sababu fedha ya namna hiyo huja hasa katika mwezi ambao una njaa, na ukiipokea mara moja umekwisha kuwa mtu wa kuuza majibu. Kila mzazi mpya sasa namwambia, kabla hatujazungumza bei: "Mama, mimi nitamfundisha mtoto, sitamfanyia."

Na kuna majira ya mitihani. Wanafunzi wa EXETAT huhitaji msaada zaidi kuanzia Mei, wakati ule ule ambapo mimi nina kazi za kukabidhi na mitihani yangu. Mwaka wa kwanza sikulifikiria hilo. Niliwakubali watano, nikafundisha mpaka usiku, nikarudia somo moja la chuo mwaka uliofuata. Gharama ya kurudia somo haimo katika safu yoyote ya daftari langu, na ningeiweka, hesabu yote ya mwaka ule ingekuwa hasara. Watatu ndio mpaka wangu. Kwa anayesoma tiba au uhandisi, ambako mazoezi ya vitendo hula mchana kutwa, ningesema wawili.

Nikiulizwa nitoe alama, kampuni niliyopitia naipa 2 kati ya 5: inafaa kwa miezi miwili ya kujifunza kuongea na mwanafunzi usiyemjua, mradi usitegemee fedha zake. Kufundisha kwa kujitegemea, ukiwa na simu yenye betri nzuri, pawabenki iliyojaa kabla ya saa za mgawo wa umeme, na wazazi waliokubali bei, masharti na siku za malipo kwa maandishi, naipa 4. Ile moja naizuia kwa ajili ya majira ya mvua, wakati ngurumo hukata mtandao katikati ya sentensi na mtoto hubaki na nusu ya maelezo mpaka kesho yake.

Mwaka huu nimepokea maombi manne mapya. Kwa kuwa ninaandika kazi yangu ya kumaliza lisansi, nimemchukua mmoja tu, mdogo wake yule kijana wa Kinshasa, na wawili wa zamani nimebaki nao. Watatu waliosalia nimewapeleka kwa mwenzangu wa darasani ambaye hajawahi kufundisha mtandaoni. Jana alikuja nyumbani na daftari jipya, nami nikamchorea safu mbili, ya kulia nikaifanya pana kuliko ya kushoto.